Deni la Watoto

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa Waislamu wa Wandegeya, Kampala)

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mlezi wa viumbe vyote, Ambaye hamsahau kinda katika kiota wala kitoto tumboni mwa mama. Na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad, aliyeonja uyatima kabla ya kupewa uongozi, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Waheshimiwa maimamu na masheikh, wazee wa mtaa, akina mama, walimu wa madrasa na walimu wa shule, na vijana: jambo litakalotajwa hapa si geni kwa mtu yeyote aliyeketi katika mkutano huu. Ni jambo la watoto, na haki zao, na deni walilo nalo wazazi juu yao. Watu wengi hulijua jambo hili kama wanavyoijua njia ya kwenda sokoni. Na kwa kuwa wanaijua, hawaitazami tena waipitapo.

Wandegeya, kama wasemavyo wenyeji, imepata jina lake kwa ndege waitwao kwa Kiganda endegeya, yaani wale ndege wafumao viota. Mwenye kuwatazama ndege hawa hupata mafunzo makubwa. Dume huchukua ukuti mmoja mmoja, akaufuma na mwenzake, akakitundika kiota katika ncha ya tawi, mahali ambapo nyoka hafiki kwa urahisi. Kisha jike huja akakikagua. Na kama hakikumridhisha hukiacha, na dume hulazimika kuanza upya. Yote hayo ni kwa ajili ya makinda ambayo bado hayajazaliwa. Ndege hana shule wala sheria wala mahakama, walakini hatagi yai mahali asipopakagua. Haifai mtaa wenye jina la ndege huyo uwe na watoto wasiokaguliwa na mtu.

Tena Wandegeya imewekwa mahali pa ajabu. Upande mmoja uko mlima wa Makerere, ambako mwaka 1922 ilifunguliwa shule ndogo ya ufundi, nayo leo ni Chuo Kikuu kilichotimiza miaka 100 katika mwaka 2022. Upande wa pili uko mlima wa Mulago, na hospitali yake kubwa inayojulikana Uganda nzima. Katikati ya milima hiyo miwili liko bonde la Katanga, na nyumba zake zilizobanana, na watoto wake wasiohesabika. Basi huonekana kila siku mtoto wa miaka tisa au kumi, amejitwika beseni la njugu au sambusa, akiwauzia wanafunzi wa Chuo Kikuu kando ya barabara ya Bombo. Hulijua lango la Makerere kuliko wanavyolijua watoto wa mbali, na pengine wengi wa hao wa mbali wataingia kusoma, naye atazeeka akiliona kwa nje. Si kwamba Mungu amemnyima akili, kwani mtoto huyo huyo hupiga hesabu ya chenji upesi kuliko mnunuzi wake. Alichonyimwa ni daftari, na wakati, na mtu wa kumshika mkono.

Ndugu Waislamu, mtoto katika dini si mali ya mzazi. Ni amana aliyowekewa, na mwenye amana huulizwa. Yeyote aliyesoma habari za Mtume, rehema na amani zimshukie, aona jinsi alivyolichukua jambo hili kwa uzito. Alikuta Waarabu wengine wakiwazika watoto wao wa kike wangali hai, kwa kuogopa aibu, na wengine wakiwaua watoto kwa kuogopa ufukara. Kurani ikayakataza yote mawili kwa maneno makali. Mtu mmoja mkubwa wa kabila, Al-Aqra bin Habis, alipomwona Mtume akimbusu mjukuu wake Hasan, alistaajabu akasema kwamba yeye ana watoto kumi na hajapata kumbusu hata mmoja. Mtume akamfahamisha kwamba asiye na huruma hahurumiwi. Na Bashir alipotaka kumpa zawadi mwanawe Nuuman mbele ya ushahidi wa Mtume, aliulizwa kama amewapa wanawe wote mfano wake. Aliposema la, Mtume alikataa kuwa shahidi. Huo ndio usawa: si mvulana apewe na msichana aachwe, wala mtoto wa mke huyu asomeshwe na wa mke yule atumwe kuchota maji.

Na juu ya elimu, mfano mkubwa ni ule wa mateka wa Badri. Vita vilipokwisha, wako mateka waliokuwa hawana mali ya kujikomboa, lakini walijua kuandika. Mtume akakubali kila mmoja wao awafundishe kuandika watoto kumi wa Madina, na hiyo ndiyo iwe fidia yake. Na afikiri msikilizaji. Mji ulikuwa maskini, watu wake wana njaa, na fedha za fidia zilihitajiwa sana. Hata hivyo elimu ya mtoto ilipokewa badala ya fedha. Tena walimu wenyewe hawakuwa Waislamu, bali walikuwa maadui wa jana. Hapana aliyesema kwamba kalamu iliyoshikwa na mshirikina itaharibu imani ya mtoto.

Watu wengine hudhani kwamba maneno haya ya haki za watoto yameletwa na wageni, ili kuwavunjia wazazi heshima zao. Yafaa ijulikane sheria yenyewe inasema nini. Umoja wa Mataifa uliupitisha Mkataba wa Haki za Mtoto mwezi Novemba 1989, na Uganda ikauridhia mwezi Agosti 1990. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 yasema kwamba mtoto ana haki ya kuwajua wazazi wake na kulelewa nao; kwamba elimu ya msingi ni haki yake, na kuitoa ni wajibu wa Serikali pamoja na wazazi; na kwamba asifanyizwe kazi itakayomdhuru au itakayomzuia kusoma. Na sheria ya watoto iliyotungwa mwaka 1996 imemwekea kila mzazi au mlezi mambo sita ya kumtimizia mtoto: elimu na uongozi, chanjo, chakula cha kutosha, mavazi, makao, na matibabu. Na aseme mwenye kusema, ni lipi katika haya sita ambalo dini imelikataa? Mambo yote haya yamo katika vitabu vya fikihi, katika milango ya malezi na ya nafaka, tangu zamani sana kabla ya mikataba hiyo kuandikwa. Muislamu aliyeambiwa na sheria amlishe mwanawe na kumsomesha hakuambiwa neno jipya. Amekumbushwa neno lake mwenyewe.

Hata hivyo, mtu mwenye insafu hawezi kuwalaumu wazazi wa Kiislamu wa Uganda bila kuitazama historia. Uislamu uliingia Buganda kabla ya Ukristo. Katika mwaka 1844 Ahmad bin Ibrahim alifika katika jumba la Kabaka Suna, na baadaye Kabaka Mutesa wa Kwanza alifunga Ramadhani, akawaamuru watu wake kusoma. Wengi wa wale waliouawa Namugongo katika mwaka 1876 kwa kushikamana na Uislamu walikuwa vijana wa jumbani. Lakini wamishonari walikuja mwaka 1877 na 1879. Vikatokea vita vya dini. Na Mapatano ya mwaka 1900 yalipofanywa, katika saza 20 za Buganda Waislamu waliachiwa moja tu, nayo ni Butambala. Na shule zikawa mikononi mwa misheni. Budo na Gayaza, Namilyango na Kisubi zilitoa makarani, waganga na wakubwa wa serikali. Mzazi Muislamu aliona kwamba mtoto wake akienda huko huenda akarudi na jina jingine na dini nyingine. Na mambo hayo yalitokea kweli, hayakuwa ndoto. Basi wengi walichagua kumweka mtoto nyumbani. Waislamu wakawa wachinjaji, na madereva, na wachuuzi, kazi za halali zenye heshima yake. Ila mlango wa ofisi, na wa hospitali, na wa mahakama ulifungwa mbele ya watoto wao kwa muda wa miaka mingi.

Wazee wenye macho hawakuridhika na hali hiyo. Mwanamfalme Badru Kakungulu, mwana wa Nuhu Mbogo, aliyefariki mwaka 1991, alitoa ardhi yake ya mlima wa Kibuli. Juu yake ukajengwa msikiti, ambao jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1941 na kazi yake ikamalizika mwaka 1951. Na pembeni mwa msikiti zikasimama shule. Chama cha Elimu cha Waislamu wa Uganda, kijulikanacho kwa herufi zake UMEA, kilisimamia shule za Kiislamu katika sehemu nyingi za nchi. Kutoka Mombasa, Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1945 kwa shauri la Aga Khan, ilisaidia kujenga misikiti na shule kwa mpango wa kuongeza pauni moja kwa kila pauni ambayo Waislamu wenyewe wameichanga. Na mwezi Februari 1988 Chuo Kikuu cha Kiislamu kilifunguliwa Mbale. Wazee hao hawakusema, shule zina hatari, basi watoto wakae. Walisema, shule zina hatari, basi na zijengwe zisizo na hatari.

Ndiyo kusema kwamba udhuru wa zamani umekwisha. Mzazi wa mwaka 1910 alikuwa na hoja. Mzazi wa leo hana. Leo ziko shule za Kiislamu, na katika shule za Serikali mtoto hawezi kulazimishwa kubadili dini yake. Mwenye kusema mpaka leo kwamba shule itamtoa mtoto katika dini, kisha akampeleka barabarani na beseni kichwani mpaka saa nne za usiku, na aulizwe: je, barabara itamfundisha dini?

Katika mwaka 1997 Serikali ilianza mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Kwanza watoto wanne wa kila nyumba waliondolewa karo, na baadaye wote wakaingizwa. Idadi ya wanafunzi wa shule za msingi ilipanda kutoka milioni 3 hivi hata kupita milioni 5 kwa mwaka mmoja. Mwaka 2007 ukafuata mpango wa shule za sekondari. Hili lilikuwa jambo kubwa, na anayelidharau hana shukrani. Lakini pia si kweli kwamba mtoto husoma bure kabisa. Madarasa yalijaa, walimu hawakutosha, na mzazi bado hutakiwa kutoa sare, na daftari, na chakula cha mchana. Kwa mjane mwenye watoto watano katika Katanga, hayo machache ni mlima. Asemaye kwamba kila mzazi ambaye mtoto wake hayuko shuleni ni mvivu, huyo hajapata kulala bila ya kuwasha moto.

Kisha ukaja ugonjwa wa korona. Shule za Uganda zilifungwa mwezi Machi 2020, na ijapokuwa madarasa machache yalifunguliwa kwa muda na kufungwa tena, hazikufunguliwa kwa wote mpaka tarehe 10 Januari 2022. Wanafunzi wapatao milioni 15 waliguswa, na hapana nchi nyingine duniani iliyofunga shule zake kwa muda mrefu kama huo. Kengele ilipolia tena, si wote walioitika. Wavulana wengine walikwisha zoea fedha za kila siku, wakabaki katika bodaboda na katika kubeba mizigo. Wasichana wengine walikwisha shika mimba, au walikwisha ozwa kwa haraka ili kuficha aibu ya wazazi. Mtoto aliyekuwa darasa la tano wakati huo sasa ni kijana. Na kama hakurudi, hesabu yake ya elimu imesimama pale pale.

Hapa yapasa neno lisemwe wazi, ingawa ni chungu. Katiba imeweka umri wa kuoa na kuolewa kuwa miaka 18. Wako watu wanaoozesha binti wa miaka 15 kisha wakaisingizia dini, wakasema kwamba mradi amebaleghe basi yatosha. Dini imetaka ridhaa, na imetaka busara, na imekataza madhara. Binti huyo hakuulizwa. Na kama aliulizwa, aliulizwa mbele ya mjomba aliyekwisha pokea mahari. Mwili wake haujakomaa kwa uzazi, na wauguzi wanajua ni wangapi wa umri huo wafikao hospitali katika hali ya hatari. Imamu anayeombwa kufungisha ndoa kama hiyo ana haki ya kukataa, bali ana wajibu. Mzazi aliyekosa karo na asiseme kwamba amefuata sunna. Na aseme kwamba amekosa karo, apate kusaidiwa.

Na neno jingine ni juu ya fimbo. Walimu wa madrasa ni watu wenye fadhila kubwa. Wengi wao hufundisha kwa ujira ambao hautoshi kununua sabuni, na lau si wao Kurani isingesomwa katika vichochoro hivi. Walakini heshima yao haizuii nasaha. Mtoto aliyepigwa kwa ajili ya herufi huichukia herufi, na akikua huichukia na nyumba iliyokuwa na herufi hiyo. Sheria ya mwaka 2016 imekataza kabisa adhabu ya viboko katika shule. Na Anas bin Malik, aliyemtumikia Mtume kwa miaka kumi tangu utotoni, amesimulia kwamba Mtume hakupata kumkemea hata kwa neno la kuchukizwa. Mwalimu anayetafuta mfano wa kuufuata, mfano ni huo.

Baada ya kuyasikia maneno haya mtu atauliza: basi lifanywe nini? Maneno ni mepesi, na mikutano ni mingi. Uko mfano ulio karibu. Katika miaka ya 1980 Waislamu wa Mombasa waliona kwamba watoto wao hufika darasa la kwanza wakiwa nyuma ya wenzao. Kwa msaada wa Aga Khan ukaanzishwa mpango wa shule za watoto wadogo ndani ya madrasa, na Bi Swafiya Said, mwalimu wa huko huko, akaushika. Shule ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1986. Mpango ukafika Zanzibar mwaka 1990, na Uganda mwaka 1993. Hawakungoja jumba la ghorofa. Walichukua chumba cha madrasa, wakawafundisha akina mama wa mtaa kazi ya ualimu, wakatengeneza vitu vya kuchezea kwa vifuu, na mbegu, na vipande vya mbao. Na mtoto akajifunza Alhamdu na hesabu katika jamvi moja. Wenye shule walikuwa watu wa mtaa wenyewe, kwa kamati yao na mchango wao. Kilichowezekana katika mitaa ya Mombasa hakishindikani katika Wandegeya.

Basi yako mambo manne ambayo Waislamu wa Wandegeya wanaweza kuyafanya kabla mwaka haujazunguka. La kwanza, na liwekwe daftari. Kila imamu ajue katika safu zake kuna watoto wangapi, nani yuko shuleni na nani hayuko, na kwa sababu gani. Msikiti unaojua hesabu ya mikeka yake usishindwe kujua hesabu ya watoto wake. La pili, na kiwekwe kisanduku cha elimu, kidogo kiwezavyo kuwa, chenye watunzaji watatu na hesabu ya kusomwa hadharani kila mwezi. Na katika kila maulidi na kila harusi, kabla sahani hazijapakuliwa, kisanduku hicho kipitishwe. Hapana anayesema maulidi yaachwe. Lakini ng'ombe wawili wakitosha kwa wageni, bei ya ng'ombe wa tatu yaweza kuwanunulia watoto wengi sare na madaftari. La tatu, chumba cha madrasa, ambacho asubuhi aghalabu hukaa kitupu, kifunguliwe kwa watoto wadogo, na akina mama wasomi wa mtaa waitwe kufundisha. La nne, mtoto anayepigwa, au anayenyanyaswa, au anayetaka kuozwa kabla ya wakati, asifichwe kwa jina la sitara. Katika baraza la mtaa yuko mjumbe wa mambo ya watoto. Na iko simu ya bure ya nambari 116 kwa ajili ya watoto wote wa Uganda. Kumsitiri Muislamu ni jambo jema. Kumsitiri mdhalimu juu ya mgongo wa mtoto ni kushiriki dhuluma yake.

Waswahili wamesema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Tena wamesema, samaki mkunje angali mbichi. Watu wengi huzitamka methali hizi kana kwamba ni za kumuonya mtoto, na hali zote mbili zamsema mlezi. Mtoto hajileti duniani, hajichagulii mtaa, wala hajiandikishi shule. Akipotea, kabla ya kuuliza amekwenda wapi, na waulizwe waliokuwa wamemshika.

Na yule mtoto wa beseni, jioni hii yuko barabarani. Watu watakapotoka katika mkutano huu watampita, na wengine watanunua njugu zake. Si vibaya kununua. Lakini na wamuulize jina lake, na jina la mzazi wake, na darasa alilofikia. Kisha wayapeleke majibu hayo kwa imamu, liwe jina la kwanza katika daftari.

Mwenyezi Mungu awajaalie wazazi uwezo na huruma, awajaalie walimu subira, awape viongozi uaminifu katika mali ya watoto, na awafanye watoto wa Wandegeya kuwa kitulizo cha macho kwa wazee wao katika dunia na katika akhera. Amin.